Rekodi za Mfuko wa Moyo

Tshopo ndilo jimbo kubwa kuliko majimbo yote 26 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lina kilomita za mraba 199,567, yaani zaidi ya mara 3 ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mto unaopita Kisangani, mji mkuu wake, hakuna mto mwingine duniani unaoushinda kwa kina. Watu wa hapa tumezoea kuhesabu mambo makubwa. Orodha hii inahesabu rekodi za kitu kidogo: mfuko unaoufunika moyo, ambao madaktari huuita perikadiamu. Nimeuchagua kwa sababu ugonjwa unaoongoza kuujaza maji katika bara letu ni kifua kikuu, na kifua kikuu kinapona.

Mwembamba kuliko unavyodhani

Kwa mtu mzima mwenye afya, ukuta wa mfuko huu hauzidi milimita 2 kwa unene. Tabaka la nje ni la nyuzi ngumu zisizovutika upesi. Chini limeshikwa na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mbele limefungwa kwenye mfupa wa kidari, na juu linaungana na kuta za mishipa mikuu inayotoka moyoni. Ndani yake mna utando laini uliojikunja: upande mmoja umegandamana na ukuta wa mfuko, upande wa pili umeshikamana na nyama ya moyo wenyewe. Katikati ya pande hizo kuna maji kidogo, mililita 15 hadi 50, yanayouwezesha moyo kupiga takriban mara laki moja kwa siku bila kusuguana na chochote.

Kazi zake ni kuushikilia moyo mahali pake, kuuzuia usitanuke kupita kiasi kwa ghafla, na kuukinga na maambukizi ya mapafu yaliyo jirani. Kushoto na kulia kwake hupita neva mbili zinazoendesha kiwambo. Kwa sababu ya neva hizo, mfuko ukivimba maumivu hupanda hadi begani, na mgonjwa hulalamikia bega ambalo halina kasoro. Akilala chali maumivu huzidi, akiketi na kuinama mbele hupungua. Daktari akimwona mtu amejikunja hivyo kitandani, huyo ameshaeleza nusu ya ugonjwa wake kabla ya kuulizwa.

Kiasi kidogo kabisa kinachoua, na kikubwa kabisa kinachovumilika

Rekodi hizi mbili ni za kiungo kimoja, na anayezielewa ameelewa karibu kila kitu kuhusu mfuko huu. Damu au maji yakimwagika ndani kwa dakika chache, mililita 150 hadi 200 zinatosha kuua. Lakini yakiongezeka polepole kwa wiki na miezi, mfuko unaweza kubeba lita moja, hata 2. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72, kwa hiyo mtu anaweza kutembea akiwa na karibu chupa 3 za maji kuzunguka moyo wake.

Tofauti inatokana na kasi. Nyuzi za mfuko hazikubali kuvutwa ghafla. Maji yakizidi upesi, shinikizo hupanda kwa kishindo na moyo hukabwa: vyumba vyake havipati nafasi ya kutanuka ili kupokea damu inayorudi kutoka mwilini. Damu isiyopokelewa hurudi nyuma ikajaa kwenye mishipa ya shingo, kwenye ini, kwenye miguu. Maji yakija polepole, mfuko hukua pamoja nayo, hadi siku inapofika mwisho wa uwezo wake. Siku hiyo mililita 50 za ziada hufanya kazi ileile ya zile 200.

Mwaka 1935 daktari mpasuaji Mmarekani Claude Beck aliandika dalili tatu za moyo uliokabwa: presha ya damu inashuka, mishipa ya shingo inavimba, na sauti ya moyo inasikika kwa mbali. Bado zinafundishwa kwa jina lake. Zote tatu mtu anaweza kuzitambua kwa macho, masikio na kipimo cha presha.

Mfalme maarufu kuliko wote waliouawa na mfuko huu

Asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1760, George wa Pili, mfalme wa Uingereza, alikunywa chokoleti yake kama kawaida, akaenda msalani, akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 76. Daktari wake Frank Nicholls alipoupasua mwili alikuta mfuko wa moyo umetanuka kwa damu iliyoganda, karibu painti nzima. Ukuta wa mshipa mkuu wa aota ulikuwa umechanika na damu ikapenya hadi mfukoni. Moyo wenyewe ulikuwa umebanwa kiasi kwamba haukuwa na damu ya kusukuma. Maelezo ya Nicholls huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza kabisa yaliyo wazi kuhusu kuchanika kwa aota.

Mwendo wa ajabu kuliko wote wa mtu aliyechomwa moyoni

Tarehe 10 Septemba 1898, mjini Geneva, Malkia Elisabeth wa Austria alikuwa akielekea kupanda meli ya ziwani. Mwanaharakati Mwitalia, Luigi Lucheni, alimkimbilia akamchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa ikawa nyembamba kama sindano. Elisabeth alianguka, akainuka, akadhani amepigwa ngumi tu. Alitembea hadi melini kwa miguu yake akiongea na mwenzake. Meli ilipong'oa nanga ndipo akazimia. Walipomfungua nguo waliona doa dogo la damu.

Uchunguzi ulionyesha kwamba tupa ilikuwa imepenya moyo. Tundu lilikuwa jembamba mno, damu ikavuja ndani ya mfuko kidogo kidogo, na kwa muda ule moyo uliendelea kufanya kazi. Mfuko ulipojaa, moyo ulikabwa. Ndiyo kasi ileile tuliyoiona juu: kisu kipana kingemwangusha papo hapo, sindano ilimpa muda wa kutembea hadi melini.

Wa kwanza kuona, wa kwanza kufungua

Hapa rekodi zina ubishi, na inafaa ziwekwe sawa.

Maandiko ya Kigiriki ya kale yaliyohifadhiwa pamoja na kazi za Hippocrates yanautaja utando laini unaouzunguka moyo, wenye maji kidogo yanayofanana na mkojo. Katika karne ya pili, Galen alimtibu mtumishi kijana aliyeumia kidari katika mieleka. Kidonda kilioza hadi mfupani. Galen aliukata mfupa uliooza, akakuta na sehemu ya mfuko wa moyo imeoza, na moyo ukaonekana wazi ukipiga. Kijana akapona. Katika mambo yote niliyowahi kusoma kuhusu kiungo hiki, hakuna linalonishangaza kuliko hilo: hakuna dawa ya usingizi, hakuna antibiotiki, na mgonjwa anaondoka mzima.

Ibn Zuhr wa Seville, aliyefariki mwaka 1162, aliandika kuhusu uvimbe wa mfuko wa moyo na maji yanayokusanyika ndani yake. Mwingereza Richard Lower alieleza mwaka 1669 jinsi maji yale yanavyoukaba moyo. Mhispania Francisco Romero aliufungua mfuko kwa upasuaji ili kutoa maji mwaka 1801 huko Almería, na Franz Schuh wa Vienna akayatoa kwa kutoboa mwaka 1840, njia ambayo ndiyo mzazi wa sindano inayotumika leo.

Jina linalotajwa zaidi ni la Daniel Hale Williams, daktari Mmarekani mweusi aliyeanzisha Hospitali ya Provident mjini Chicago mwaka 1891. Julai 1893 aliletewa James Cornish, kijana aliyechomwa kisu kifuani. Williams alifungua kifua na kuushona mfuko wa moyo uliokuwa umetobolewa. Nyama ya moyo ilikuwa na mchubuko mdogo ambao aliuacha bila kuushona. Cornish alipona na kuishi miaka mingi. Magazeti mengi humwita mtu wa kwanza kufanya upasuaji wa moyo. Kwa haki, Henry Dalton wa St. Louis alikuwa ameshona mfuko wa moyo mwaka 1891, na wa kwanza kushona nyama ya moyo yenyewe na mgonjwa akapona ni Ludwig Rehn wa Frankfurt, mwaka 1896. Hilo halimpunguzii Williams kitu. Alifanya kazi hiyo kabla ya kuwepo kwa eksirei, katika hospitali aliyoianzisha kwa sababu wauguzi na madaktari weusi hawakupokelewa kwingine.

Adimu kuliko wote: wasio na mfuko

Wapo watu waliozaliwa bila mfuko, au wakiwa na nusu tu, mara nyingi upande wa kushoto ndio unaokosekana. Mwitalia Realdo Colombo alilitaja jambo hilo mwaka 1559. Wengi wao huishi maisha kamili na kuja kugunduliwa kwa bahati. Hatari iko kwa wale wenye tundu dogo: sehemu ya moyo inaweza kuchomoza nje na kunaswa.

Kwa samaki aitwaye papa ni kinyume: moyo wake unautegemea mfuko. Mfuko wake ni mgumu kiasi kwamba moyo ukijikamua, nafasi inayobaki huvuta damu kuingia.

Mgumu kuliko wote

Uvimbe wa muda mrefu ukipona vibaya, matabaka mawili hugandamana, hukakamaa, na wakati mwingine hujaa chokaa hadi kuonekana kwenye picha ya eksirei kama pete nyeupe. Wajerumani waliuita moyo wa aina hiyo moyo uliovaa deraya. Hapo hakuna maji ya kutoa. Mgonjwa huvimba tumbo na miguu, hutibiwa ini kwa miezi, na dawa pekee ya kweli ni kifua kufunguliwa na mfuko kumenywa kutoka kwenye moyo, kipande kwa kipande. Ni upasuaji mgumu hata penye vifaa vyote. Kila kinachofanywa mapema ni ili mgonjwa asifike hapo.

Kisababishi cha ajabu, na safari ndefu kuliko zote

Wafugaji wa Ituri na Kivu wanaweza kukutana nacho machinjioni. Ng'ombe hachagui anachokula. Humeza msumari au kipande cha waya pamoja na majani, na chuma hicho hutua katika tumbo la pili, ambalo limetengwa na moyo kwa kiwambo tu. Tumbo likijikamua, chuma husukumwa mbele, hutoboa kiwambo na kuingia kwenye mfuko wa moyo, kikibeba uchafu wa tumboni. Mnyama husimama ameitanua miguu ya mbele, hataki kuteremka mlima, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba, na sehemu ya chini ya kifua imevimba. Ni dalili zilezile za binadamu, kwa mnyama asiyeweza kusema panapouma. Kinga yake ni sumaku: ng'ombe humezeshwa, ikakaa tumboni maisha yake yote ikikusanya vyuma.

Na mfuko wa moyo wa ng'ombe umefika mbali kuliko kiungo kingine chochote cha mnyama huyo. Mwaka 1971 mjini Leeds, Marian Ionescu alianza kuwawekea wagonjwa vali za moyo zilizotengenezwa kwa utando huo baada ya kutibiwa kwa kemikali. Tarehe 16 Aprili 2002 mjini Rouen, Alain Cribier alimwekea mgonjwa vali ya aina hiyo kupitia mshipa wa paja, bila kufungua kifua. Alikuwa wa kwanza duniani.

Dawa kongwe

Kwa uvimbe usiotokana na kifua kikuu, hasa ule unaofuata virusi, dawa iliyobadili mambo ni kolkisini, iliyotokana na ua lililotumika kwa jongo tangu enzi za kale. Tafiti za Waitalia wakiongozwa na Massimo Imazio, kuanzia mwaka 2005, zilionyesha kwamba inapunguza takriban kwa nusu uwezekano wa ugonjwa kurudi.

Kisababishi kikuu barani kwetu

Ulaya, mgonjwa mwenye maji kwenye mfuko wa moyo huulizwa kwanza kuhusu virusi, saratani, au upasuaji aliofanyiwa. Afrika kusini mwa Sahara, cha kwanza kufikiriwa ni kifua kikuu, na Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huo. Bakteria hufika mfukoni kutoka kwenye tezi za kifuani au kwa damu. Mgonjwa hupata homa za jioni, hupungua mwili, kisha pumzi humwishia akipanda ngazi, halafu akitembea, halafu akiwa amekaa. Kikohozi kinaweza kuwa kidogo, na makohozi yakapimwa yasionyeshe kitu. Kwa mwenye VVU picha inachanganyika zaidi.

Utafiti mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa kuhusu ugonjwa huu ulifanywa Afrika, kwa wagonjwa wa Kiafrika. Uliitwa IMPI, ukaongozwa na Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na matokeo yake yalitoka mwaka 2014. Wagonjwa walikuwa 1,400, kutoka Afrika Kusini, Kenya, Uganda, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Nigeria na Sierra Leone. Theluthi mbili walikuwa na VVU. Swali lilikuwa moja ambalo madaktari walikuwa wamebishana kwa miaka mingi: je, kumwongezea mgonjwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na dawa za kifua kikuu kunaokoa maisha?

Jibu halikuwa rahisi. Ukijumlisha vifo, moyo kukabwa na mfuko kukakamaa, makundi yalitoka karibu sawa: asilimia 23.8 kwa waliopewa prednisoloni, 24.5 kwa wasiopewa. Lakini mfuko ulikakamaa kwa asilimia 4.4 tu ya waliopewa, dhidi ya 7.8, na walilazwa mara chache zaidi. Kwa upande mwingine, saratani zinazoandamana na VVU ziliongezeka. Kwa hiyo daktari anayeandika prednisoloni leo anapaswa kujua kwanza hali ya VVU ya mgonjwa wake. Naihesabu hii kuwa miongoni mwa kazi kubwa za tiba zilizotoka Afrika. Mayosi alifariki Julai 2018 akiwa na miaka 51, mapema mno kwa mtu aliyekuwa amebeba swali la wagonjwa wetu hadi likapata jibu.

Kabla ya utafiti huo wa IMPI, mwaka 2004, kundi lilelile liliandikisha wagonjwa 185 kutoka Kamerun, Nigeria na Afrika Kusini. Baada ya miezi 6, asilimia 26 walikuwa wamekufa. Kati ya waliokuwa na dalili za UKIMWI, walikufa asilimia 40.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu nyingine ya kwake. Mwaka 1948 Jack Davies, akifanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa wa moyo kufanya makovu ndani ya vyumba vyake, ambao mara nyingi huandamana na maji mengi kwenye mfuko. Daktari wa eneo letu anayekuta maji hayo anapaswa kuukumbuka pia kabla ya kuandika kifua kikuu.

Mbali kuliko wote na ekografi

Picha ya eksirei hailioni tatizo hadi maji yafike takriban mililita 250. Hapo ndipo kivuli cha moyo hutanuka chini kikawa kama kiriba cha maji. Ekografi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, huona hata maji kidogo, tangu Harvey Feigenbaum alipoonyesha mwaka 1965 kwamba inawezekana. Humwongoza pia daktari aingize sindano wapi, ili isitoboe moyo wenyewe.

Sasa rudi Tshopo. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kliniki zake, na mjini zipo hospitali nyingine za rufaa. Lakini mgonjwa anaweza kutoka Opala, Yahuma, Bafwasende au Ubundu. Atasafiri kwa mtumbwi, kwa pikipiki, na akifika mjini kwa toleka, ameketi nyuma ya baiskeli akitafuta pumzi. Vidonge vya kifua kikuu, vya miezi 6, vinatolewa bure na mpango wa taifa. Safari na ekografi familia hulipa yenyewe, na mara nyingi ndizo zinazowashinda.

Hivyo kazi ya kwanza iko mikononi mwa muuguzi wa kituo cha mbali, na anacho chombo chake: kipimo cha presha. Mwaka 1873 Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza mapigo yanayofifia mgonjwa anapovuta pumzi, dalili ambayo bado inafaa kwenye kituo kisicho na umeme. Leo hupimwa hivi: jaza mkanda hewa hadi sauti ipotee, kisha iache itoke taratibu mno. Sikiliza sauti ya kwanza inayosikika mgonjwa anapotoa pumzi tu, andika namba. Endelea kushusha hadi sauti isikike muda wote, anapovuta na anapotoa, andika namba ya pili. Tofauti ikizidi milimita 10 za zebaki na mishipa ya shingo imevimba, moyo huenda unakabwa. Mgonjwa huyo asipewe furosemidi ya kupunguza uvimbe wa miguu, kwa sababu itamnyang'anya damu kidogo inayobaki kuujaza moyo wake. Asilazwe chali. Asafirishwe siku hiyohiyo akiwa ameketi, na karatasi ya rufaa ibebe namba zile mbili.